Mashine ya kusafishia bunduki: tupige hesabu kwanza

Mkoa wa Mara umeteswa sana na wizi wa mifugo, hivyo si ajabu mfugaji au mfanyabiashara wa Guta kumiliki bunduki kwa leseni. Sasa anaambiwa anunue mashine ya kuisafishia kwa mawimbi ya sauti. Ni kweli inafanya kazi: ndani ya maji yenye sabuni, viputo vidogo hupasuka na kung'oa masizi ya baruti hata brashi isipofika. Lakini huondoa na mafuta yote. Kwa unyevu wa ziwa letu, chuma kisipokaushwa na kupakwa mafuta upya mara moja kitashika kutu.

Kwa bunduki moja, brashi, kitambaa na mafuta vinatosha; fedha inayobaki inunue dawa ya pamba. Mashine hiyo labda itamlipa fundi wa injini za mitumbwi, anayezibua kabureta kila siku.