Amana ya Mpangaji na Uchakavu wa Nyumba: Haki Yadai Nini?

Popote panapopangishwa nyumba, iwe Kibaha mjini au katika kata ya Chole wilayani Kisarawe, ugomvi mmoja hurudi mara kwa mara. Mwalimu amepata uhamisho, naye anaomba arudishiwe amana yake. Anajibiwa kwamba imekwishia kwenye rangi, kitasa na nyavu za madirisha. Je, ni haki?

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ingali inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na maafa yasiyotokana na uzembe wake. Rangi iliyochujuka kwa jua, sakafu iliyosuguliwa na nyayo, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku: hayo hutokana na kuishi, na kodi ndiyo iliyokwisha kuyalipia. Kioo kilichovunjwa au mlango uliopasuliwa kwa hasira ni uharibifu, na sharti ulipwe. Hata hapo, mlango uliokwisha kutumika miaka mingi haulipwi kwa bei ya mlango mpya.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409 na 2410, inafundisha kwamba kuzuia kwa makusudi mali ya mwingine ni dhuluma, kwamba anayeharibu mali kwa makusudi anawajibika kufidia, na kwamba mikataba, ikiwemo ya pango, iheshimiwe. Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichukulia rehani, na kumwamuru arudishe vazi la maskini kabla ya usiku. Anayeshika dhamana ya mwenzake hana ruhusa ya kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe.

Tusiwahukumu wenye nyumba wote. Wengine ni wajane wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili, na mpangaji anayeficha ufa alioufanya au kutoroka na deni la maji anawaibia maskini. Haki inawadai wote wawili.

Basi, siku ya kuingia, kagueni nyumba pamoja, andikeni hali ya kila chumba, pigeni picha kwa simu, mtie sahihi mbele ya shahidi. Siku ya kutoka, kagueni tena kwa karatasi ileile, na kila makato yaambatane na risiti. Mkishindwa kupatana, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au Baraza la Kata kutafuta suluhu.

Lugha yetu imeiita fedha hiyo amana, yaani kitu cha mwenyewe kilichowekwa mikononi mwa mwingine. Aliyeaminiwa na arudishe.

Tumsifu Yesu Kristo.