Somo la Gesi Lianzie Jikoni

Baridi ya Njoro haina mzaha. Mji huu umo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Julai nyumba nyingi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Hapo ndipo somo la gesi linapokuwa suala la uhai na mauti.

Wanafunzi wetu hukariri kwamba hewa ina asilimia 78 ya naitrojeni na 21 ya oksijeni. Hupata alama zote, kisha hurudi nyumbani kulala kando ya jiko hilo hilo. Ni elimu gani hii isiyovuka kizingiti cha darasa?

Tumewaaminisha watoto kwamba pasipo maabara hapana sayansi, ilhali vifaa vimejaa jikoni. Chukua magadi yanayolainishia maharagwe, yaponde, yatie katika gilasi ndefu, kisha uyakamulie limau. Povu litakalofoka limebeba kaboni dioksidi. Likitulia, mtu mzima akiwapo, inamisha gilasi taratibu juu ya mshumaa unaowaka bila kumwaga maji. Mwali utazimika, ingawa hakuna kilichoonekana kumiminika. Mtoto atauliza mwenyewe ni nini kilichouzima, na swali hilo lina thamani kuliko kurasa kumi za daftari. Atakuwa amejionea kwamba kisichoonekana kipo, kina uzito na huisukuma hewa kando.

Mwalimu aanzie hapo kulieleza jiko. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa gesi nyingine, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na aliyelala huenda asiamke. Gesi hii isijaribiwe kamwe. Ifahamike tu na iogopwe.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa shuleni mwaka 2019, unadai mwanafunzi atende, asikariri tu. Wazazi wengi wamelalamikia gharama za vifaa, na wana haki. Lakini limau moja na kipande cha magadi havimfilisi mtu. Chuo Kikuu cha Egerton, kilicho papa hapa Njoro na kinachoandaa walimu, kingefaa kuwa mstari wa mbele kueneza majaribio ya namna hii vijijini.

Nionavyo mimi, somo la gesi limefuzu siku mtoto atakapomwambia mzazi wake usiku: "Baba, jiko tulitoe nje kabla hatujalala."