Waya wa Mwanga na Neno la Mwalimu

Kwa miaka mingi niliwaambia wanachuo wangu kwamba aibu ya mwalimu si kutojua, bali ni kujifanya anajua. Nililisema neno hilo kila mwaka mbele ya wanafunzi wapya wa chuo cha ualimu, nao wakaliandika madaftarini. Leo nina umri wa miaka zaidi ya 70, na sina budi kukiri kwamba nimeivunja kanuni hiyo kwa ajili ya waya wenye urefu wa mita moja.

Nyumbani nina mashine ya kuchezea CD, na amplifaya niliyoletewa na wanangu nilipostaafu. Nyuma ya mashine hizo kuna matundu ya aina mbili ya kupitishia sauti ya dijiti. Aina ya kwanza huitwa koaksia. Tundu lake ni la mviringo na waya wake ni wa shaba, ndugu wa ule unaoshuka kutoka kwenye antena ya televisheni. Aina ya pili huitwa optiki. Tundu lake ni la mraba, mashine ikiwashwa hutoa mwanga mwekundu, na waya wake si wa madini, bali ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga huo. Mimi nilikuwa nikitumia ule wa shaba, niliounua kwa shilingi 8,000, na sikuwa na malalamiko yoyote.

Siku moja niliingia dukani kununua betri za saa. Muuzaji aliponisikia nikitaja amplifaya yangu, alinionea huruma. Alisema shaba huichafua sauti, lakini mwanga huifikisha ikiwa safi kama maji ya chemchemi. Nilipositasita akaniuliza: "Mzee, kama shaba ingefaa, kwa nini mkongo wa baharini unatumia mwanga?" Sikuwa na jibu. Badala ya kusema sijui, nilitoa shilingi 95,000 za pensheni yangu.

Jioni ile nilimwambia mjukuu wangu aufunge waya mpya. Baadaye akaja mgeni, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwanafunzi wangu chuoni. Nikaweka CD ya kwaya, nikamwambia: "Unasikia? Sauti imetakata." Akasikiliza, akakubali. Wiki iliyofuata naye akaenda kununua waya wa namna hiyo hiyo, kwa bei hiyo hiyo.

Mgeni alipoondoka, mjukuu alisema kwa sauti ya chini: "Babu, samahani. Ule waya mpya sikuufunga. Nilikuwa nakusubiri unionyeshe tundu lake." Ulikuwa bado ndani ya pakiti, juu ya kabati.

Ndugu msomaji, baada ya fedheha hiyo niliketi kusoma. Niliyoyakuta si siri, na muuzaji angeweza kuyasoma kabla yangu. Matundu yote mawili hupeleka lugha moja, ile waliyokubaliana kampuni za Sony na Philips. Tundu la optiki lilibuniwa na Toshiba mwaka 1983. Sauti iliyomo katika CD imekatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde, kila kipande kimeandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha utapata tarakimu 1,411,200 kwa sekunde. Hizo ndizo zinazosafiri katika waya, uwe wa shaba au wa mwanga. Mwimbaji hapiti humo. Barua ikinakiliwa herufi kwa herufi, maneno yake hayawi matamu zaidi kwa sababu tarishi alipanda gari badala ya baiskeli. Waya ukiwa mbovu, utasikia mikwaruzo, au sauti itakatika kabisa. Hautakupa kwaya ile ile ikiwa imepungua utamu kidogo.

Wapo wanaotetea bei hizo kwa kusema kwamba tarakimu hazifiki kwa majira yaliyo sawasawa. Ni kweli, tofauti hizo zipo na zinapimika. Lakini ni ndogo mno, na amplifaya iliyotengenezwa vizuri huzipanga upya. Anayedai kwamba anazisikia, na akubali kusikiliza bila kujua ni waya upi unaotumika. Mimi nilifanyiwa mtihani huo bila kukusudia, nikaanguka.

Na mkongo wa baharini? Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009. Huko mwanga unashinda kwa sababu ya umbali wa maelfu ya kilomita na wingi wa mawasiliano, tena husafiri ndani ya kioo safi mno. Uzi wangu ni wa plastiki, na mwanga hufifia humo upesi. Kwa kawaida hautegemewi kupita mita 5 hadi 10. Kuulinganisha na mkongo ni kulinganisha mtumbwi na meli kwa kuwa vyote huelea.

Sisemi kwamba hakuna la kuchagua. Ukisikia mvumo mzito katika spika kwa sababu mashine zako zimeungana kwa madini na umeme unazunguka kati yake, tumia optiki. Mwanga haupitishi umeme, na mvumo wa namna hiyo utakoma. Lakini hata uzi wa bei ya chini kabisa utafanya kazi hiyo. Kama waya unapita kwenye kona kali, au chini ya zulia ambako watu hukanyaga, tumia shaba, kwa kuwa uzi wa mwanga ukikunjwa sana huharibika. Kama mashine zako zina tundu la aina moja tu, kama zilivyo televisheni nyingi za siku hizi zenye optiki pasipo koaksia, basi shauri limekwisha. Somo zima ni hilo, nalo halijazi hata nusu ya kipindi.

Najua nitaambiwa kwamba fedha ni ya mteja na raha ni yake. Siikubali hoja hiyo. Mteja yule hakununua raha, alinunua maelezo, na maelezo yalikuwa ya uongo. Muuzaji wa namna hiyo hategemei masikio yetu, anategemea woga wetu wa kuonekana hatujui. Na anayeogopa zaidi ni msomi. Mkulima angeuliza mara tatu, kisha angeondoka na fedha yake. Mimi niliona haya kuuliza hata mara moja, nikatoka dukani nikiwa mpiga debe wake, tena asiyelipwa.

Nilikwenda kwa mwanafunzi wangu yule, nikamweleza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitaraji atanicheka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mkuu, hata mimi sikusikia chochote siku ile. Lakini wewe ulikuwa umeshasema."

Nilimrudishia fedha yake, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kuipokea. Waya wangu nimemwachia mjukuu, nao umefungwa hadi leo. Unafanya kazi vizuri, sawasawa na ule wa shilingi 8,000.