Mwalimu wa chuo naye ana watoto

Katika mwambao wetu neno chuo lina maana mbili. Kipo chuo anachokwenda kijana baada ya kidato cha nne au cha sita, na kipo kile cha awali, chenye jamvi na juzuu, anachopelekwa mtoto wa Chumbageni baada ya swala ya alasiri. Walimu wa chuo cha kwanza wana mwajiri wa kumdai. Leo tunamzungumzia mwalimu wa chuo cha pili.

Mzazi anayelipa twisheni ya hisabati bila kuulizwa mara mbili, ndiye huyo huyo anayemwambia ustadhi "tutaonana Ijumaa". Na Ijumaa ikifika hupita njia nyingine. Ustadhi naye anadaiwa kodi ya nyumba. Asubuhi huendesha bodaboda, alasiri hufika amechelewa na amechoka, kisha sisi ndio wa kwanza kulalamika kwamba mtoto mwaka wa tatu huu bado yumo katika Juzuu Amma.

Wapo wanaosema kufundisha Qur'ani ni ibada, hivyo malipo yasitajwe. Hoja hii si ngeni. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira huo. Waliokuja baadaye wakauruhusu, kwa kuwa posho za walimu kutoka Baitulmali zilikatika na wakahofia elimu itapotea. Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi, ujira huo ni halali. Hata desturi ya wazee wetu ilikuwa hivyo: Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli kilichochapwa mwaka 1903, ameeleza jinsi mwalimu wa chuo alivyopewa haki yake.

Hatusemi fedha ndiyo yote. Imamu Ghazali alikuwa na cheo na heshima kubwa katika Nidhamiya ya Baghdad, na mwaka 1095 akaviacha. Mwalimu hutaka pia kutembelewa na wazazi, wala si siku ile tu mtoto alipochapwa. Na mji huu ndio wa Sheikh Muhammad Ayub na Shamsiyya yake. Kumdharau mwalimu hapa Tanga ni aibu maradufu.

Tunaziomba kamati za misikiti ya Chumbageni zikusanye ada kwa daftari, ustadhi asigeuke mdai wa mlango kwa mlango, naye apewe chake kabla mwezi mwingine haujaandama. Mzazi asiye na uwezo alipiwe na wenzake kimyakimya, bila mtoto kusimamishwa mbele ya darasa.