Fimbo za haibridi zatoa fimbo ndefu za chuma mfukoni

Mchezaji wa gofu haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Kanuni hiyo ya Marekani ya mwaka 1938 ndiyo inayowatia hasara wenye shehena za zamani: haibridi ikiingia mfukoni, fimbo nyingine lazima itoke. Mara nyingi hutoka ya chuma namba 3 au 4, ambayo wachezaji wa kawaida hawakuipenda tangu hapo, kwani ukikosea kidogo mpira hauinuki.

Haibridi ina kichwa kipana chenye uzito chini na nyuma, hivyo mpira hupaa hata kutoka nyasi ndefu. Si ya wanaojifunza tu. Mwaka 2009 Y.E. Yang wa Korea Kusini alimshinda Tiger Woods kwenye PGA Championship, na shimo la 18 alilicheza kwa haibridi.

Kwa mwagizaji wa mitumba, seti ya chuma namba 3 hadi 9 isinunuliwe kwa bei ya seti yenye haibridi mbili. Forodhani zote ni 9506.31, hati haitazitofautisha. Orodha ya fimbo moja moja idaiwe kabla ya malipo.