Ngoma Haifundishwi kwa Miguu Peke Yake

Umezuka mtindo wa kuwakusanya watu wasiojua ngoma, kuwafundisha kwa siku moja hatua za ngoma nne au tano za makabila mbalimbali, kisha kuwaambia kwamba sasa wanaujua utamaduni wa Taifa. Nia yake ni njema. Lakini nia njema haitoshi kuufanya upungufu uwe elimu. Anayefundishwa hatua za miguu bila wimbo, bila lugha na bila sababu ya ngoma hiyo kuwapo, amefundishwa mazoezi ya viungo. Ngoma bado hajaiona.

Suala hili lina uzito wa pekee huko Geita. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na ni nchi ya Wazinza, Wasumbwa na Wasukuma. Dhahabu nayo imewaleta wengine wengi. Mgodi wa enzi ya ukoloni ulifanya kazi hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Darasa moja la sekondari huko laweza kuwa na watoto wa Kisukuma, Kizinza, Kiha, Kihaya na Kikerewe. Watoto hao wana haki ya kufundishana ngoma zao, na ni wajibu wetu kuwasaidia. Swali ni namna ya kuwasaidia.

Vita hii si mpya. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba Waafrika waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha, hali wengi wao hawakuwahi hata kuzisikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Katika miaka ya 1960 kikaundwa kikundi cha ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kazi hiyo iliziokoa ngoma nyingi katika dharau, na hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo, jukwaa lina sheria zake. Ngoma iliyochezwa tangu asubuhi hadi jioni hufupishwa ikawa ya dakika kumi, na mtazamaji asiyeielewa lugha yake hupewa mruko badala ya neno. Sasa mafunzo ya wanaoanza yanaiga jukwaa, wakati yalipaswa kuiga uwanja.

Tuchukue mfano wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayojulikana nchi nzima. Wengi huitambua kwa majembe yanayorushwa na kudakwa kwa ustadi. Lakini majembe hayo hayakuwa mapambo. Mwenye shamba kubwa alikiita kikundi cha wakulima. Ngoma zikapigwa shambani, mapigo yakaongoza mikono, na watu wengi wakalima kama mtu mmoja. Wimbo uliondoa uchovu, ukamsifu hodari na kumsuta mvivu. Sasa tazama mafunzo yetu: kijana anapewa jembe la mbao lililopakwa rangi, anaonyeshwa jinsi ya kulizungusha, wala haambiwi kwamba ngoma hiyo ilikuwa kazi. Ameshika mpini, maana imebaki shambani.

Au tuitazame mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukumani vilivyotokana na waasisi wawili mashuhuri wa karne ya 19, Gumha na Gindu. Wakati wa mashindano, baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hapo mwamuzi ni umati. Kwa hiyo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hana budi kutunga wimbo mpya, kubuni kichekesho na kuyajua yaliyo moyoni mwa watu. Ni hatua gani ya miguu itakayomfundisha mwanafunzi jambo hilo? Atalijua tu akiwekwa katika kundi moja, wenzake katika kundi la pili, na wanakijiji wakaachwa wachague pa kusimama.

Wako watakaosema kwamba ngoma ikiondoka kwao lazima ipoteze maana, kwa hiyo tusilaumu. Historia yetu inakataa. Beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia Tanganyika, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaenea bara pamoja na askari na makarani. Ilipofika mahali haikufika kama hatua tupu. Ilifika na vyama vyake, Marini na Arinoti, na vyeo vyake, na desturi ya wanachama kusaidiana katika shida. Wageni waliojiunga wakawa wenyewe. Ngoma yaweza kusafiri mbali bila kupungukiwa, mradi isafiri na mizigo yake.

Wengine wanahofu kwamba kutaja asili ya ngoma ni kuchochea ukabila. Hofu hiyo imegeuza mambo. Ukabila hulishwa na dharau, na dharau hulishwa na kutojua. Kijana wa Kiha aliyeketi mbele ya mzee wa Kisukuma akaelezwa kila neno la wimbo hawezi tena kuwacheka Wasukuma kwa urahisi. Wengine wanasema ngoma hizi zina dawa, kwa hiyo zisiingie shuleni. Ni kweli kwamba viongozi wa Bagika na Bagalu walitegemea dawa za kuvutia watu, na mwanafunzi aambiwe hivyo bila kufichwa, kwani kujua si kuamini. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kuziingiza ngoma za Wasukuma katika sherehe za Kanisa. Kama padre hakuzikimbia, mwalimu wa historia anakimbia nini?

Wala hatutaki jambo lisilowezekana. Huko Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa pamoja na wanakijiji. Ngoma na maigizo vilitumika kuyajadili matatizo ya vijana, zikiwamo mimba za wasichana wa shule. Hapo ngoma ilikuwa na jambo la kusema, na aliyeicheza alijua analosema.

Basi mafunzo ya wanaoanza yajengwe juu ya misingi mitatu. Kwanza, anayeanza aanze na kiitikio, si na mguu. Aimbe maneno kwa lugha yake ya asili, aelezwe maana kwa Kiswahili, ndipo asimame kucheza. Pili, mwalimu awe mjuzi aliyeiishi ngoma hiyo, naye alipwe kama walimu wengine wanavyolipwa. Soda na makofi si ujira wa mzee. Tatu, ngoma moja ipewe muhula mzima. Wahenga walisema ngoma ya kitoto haikeshi, na mafunzo ya siku moja ni ngoma ya kitoto. Ni afadhali mwanafunzi wa Geita amalize kidato cha nne akiwa na ngoma nne anazozijua kwa sauti, kwa maana na kwa mwili, kuliko ishirini alizozipitia kama mpita njia.

Walimu, kazi hii haingoji fedha za wafadhili wala tamasha la kupokea wageni. Wazee wanaojua wapo katika vijiji vinavyozunguka shule zenu, na kila mwaka wanapungua. Wanafunzi, waulizeni wazazi wenu nyimbo za kwao na maana zake, kisha mwafundishe wenzenu wa makabila mengine, nao wawafundishe za kwao. Mkifanya hivyo, ngoma itakuwa mali ya Taifa kwa sababu watu wengi wanaielewa, na si kwa sababu imetajwa katika ratiba ya sherehe.