Kivuli cha Magere na Usingizi wa Watu Wazima

Limezuka dai kwamba hadithi ya kumbembelezea mtu mzima usingizi haina budi kuepushwa na mikasa ya historia. Msikilizaji aliyechoshwa na kazi za mchana, wanasema watetezi wa dai hili, anahitaji sauti ya chini na kisa kisicho na vita. Historia na ibakie pambo tu: jina la kale, mto, mkuki wa mababu. Dai hili halina mashiko.

Mfano mwafaka ni mighani ya Luanda Magere. Nyamasaria, upande wa mashariki wa Kisumu, ndipo mtu anapouacha mji na kuingia uwanda wa Kano, nchi ya jagina huyo wa ukoo wa Sidho. Inasimuliwa kuwa mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya Wanandi haikumpenya. Akaozwa binti wa maadui. Alipougua, alimwamuru mkewe amchanje kivulini. Damu ikatoka, binti akatoroka na siri hiyo, na Magere akauawa kwa mkuki uliochomwa kivulini mwake.

Vita vya Wakano na Wanandi ni historia. Kivuli chenye damu ni ubunifu. Na usaliti wa binti je? Fumo Liyongo naye alisalitiwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeipeleka kwa maadui siri ya kitovu. Usaliti wa mwandani, basi, ni mbinu ambayo mighani huitumia kumwangusha shujaa asiyeshindika. Si ushahidi dhidi ya kabila lolote.

Sasa itazamwe hadithi iliyotulizwa. Vita vimefutwa, kwa kuwa vinafukuza usingizi. Binti ameachwa, kwa kuwa bila yeye hakuna kisa. Lakini vita ndivyo vilivyompa sababu: aliwatumikia watu wake kama Magere alivyowatumikia wa kwake. Vikiondolewa, anasalia mke mwovu kwa asili, na asili yake ni Unandi. Hadithi iliyodhaniwa kupozwa imetiwa sumu.

Jambo hili si la nadharia tupu. Okoiti Omtatah alichapisha tamthilia yake kuhusu Magere mwaka 1991. Oktoba mwaka huo huo mapigano ya ardhi yalizuka Meteitei, wilayani Nandi, na Waluo wakafukuzwa makwao. Hakuna anayedai kuwa hadithi ilichoma nyumba. Hata hivyo, palipo na kumbukumbu kama hizo, msimulizi hana ruhusa ya kuacha chuki ikiwa imefunikwa blanketi.

Watetezi wa utulivu wamesahau pia mahali utulivu unapotoka. Katika siwindhe, nyumba ya ajuza aliyewalea na kuwafunza watoto kwa masimulizi ya usiku, mazimwi yalimeza watu na wasikilizaji bado walilala. Waliotulizwa hawakutulizwa na upole wa visa, bali na urudiaji, wimbo, na kimalizio cha "thu tinda" kilichoifunga sigana na kumrudisha msikilizaji nyumbani.

Mtu mzima anastahili fani hiyo hiyo. Asimuliwe vita kwa sauti ya chini, binti apewe watu wake wa kuwalilia, na mshono baina ya yaliyotukia na yaliyobuniwa usikike. Asiyeweza kusimulia hivyo na amwache msikilizaji alale bila hadithi.